Sura ya Tatu: Mtango wa Yona

Katika mji wa Oea, ambao leo tunauita Tripoli, makao makuu ya Libya, askofu mmoja nusura abaki na kanisa tupu kwa sababu ya jina la mmea.

Habari hiyo tunaipata katika barua ambayo Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimwandikia Yeronimo mwaka 403. Yeronimo alikuwa Bethlehemu, akiifasiri Biblia kwa Kilatini moja kwa moja kutoka Kiebrania. Wakristo wa Afrika Kaskazini walikuwa na tafsiri zao za zamani, zilizotokana na Kigiriki, lakini askofu wa Oea aliipenda hii mpya, akaagiza isomwe kanisani. Wakafika kwenye kitabu cha Yona, sura ya mwisho, pale nabii anapoketi nje ya Ninawi kwenye jua kali na Mungu anamwoteshea mmea wa kumtia kivuli. Tangu utoto watu wa Oea walikuwa wamesikia kwamba mmea huo ni wa jamii ya maboga na matango. Siku hiyo wakasikia hedera, jina la mmea mwingine kabisa, ule unaotambaa kutani na kwenye mashina ya miti.

Kanisa likachafuka. Waliojua Kigiriki ndio waliopiga kelele zaidi, wakidai maandiko yameghushiwa. Askofu akalazimika kwenda kuwauliza Wayahudi wa mji huo Kiebrania kinasemaje, nao wakajibu kwamba tafsiri ya zamani ndiyo sahihi. Akalirudisha neno la zamani. Bila hivyo angebaki anavihubiria viti.

Yeronimo naye alikuwa na hoja yake. Kiebrania kinautaja mmea huo kwa jina la kikayoni, na kwa maoni yake Kilatini hakikuwa na jina la mmea huo. Angeliacha neno la Kiebrania lilivyo, hakuna ambaye angeelewa. Angeandika boga, angesema jambo ambalo Kiebrania hakisemi. Wataalamu wengi wa leo wanadhani ni ule mmea wa mafuta tunaouita mbarika au mnyonyo, unaoota upesi hata jalalani na kutandaza majani mapana kama kiganja kilichofunguliwa. Mtu aliyekulia kijijini Tanzania angeutambua kwa kuelezwa tu.

Kisa hiki nimekiweka mlangoni mwa sura kwa sababu ya waliopiga kelele. Vitabu vilikuwa ghali, na wengi wao hawakuwa na Yona nyumbani. Nakala yao ilikuwa sikioni. Walimsikiliza msomaji kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua, akapita mahali sauti ilipokwenda upande, wakashtuka wote pamoja. Sura hii inafuata njia ya sikio hilo, kutoka Yerusalemu ya Ezra mpaka Mombasa, Unguja na simu iliyo mfukoni mwako.

Herufi zinazongoja mdomo

Tazama herufi hizi: HAPANAPALE. Kwa macho peke yake huwezi kujua kama mwandishi amesema "hapa na pale" au "hapana, pale". Sasa fikiri kitabu kizima kimeandikwa hivyo, bila nafasi kati ya maneno. Ndivyo zilivyonakiliwa hati za Kigiriki za Agano Jipya katika karne za kwanza. Msomaji alizipitia kwa ulimi, akionja silabi moja baada ya nyingine, mpaka neno lijitenge na jirani yake. Kusoma kwa namna hiyo kulitaka pumzi na mazoezi, na mtu makini aliipitia hati yake kabla ya kusimama mbele za watu.

Wenye ujuzi huo walikuwa wachache. Mwanahistoria William Harris, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1989, alikadiria kwamba waliojua kusoma katika dola ya Kirumi kwa jumla hawakuzidi asilimia 15. Paulo alipotuma nyaraka zake alijua zinakwenda masikioni. Wathesalonike anawaapisha kwamba waraka wao usomwe kwa ndugu wote. Wakolosai anawaagiza wakimaliza kuusoma wa kwao waupeleke Laodikia, nao wausome ule utakaotoka huko. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa karani aitwaye Tertio, na inaelekea aliyeuchukua ni Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Ukiusoma kwa sauti, bila haraka, utatumia kama saa moja. Nacho kitabu cha Ufunuo kinafungua kwa kumtakia heri msomaji, katika umoja, na wasikiaji, katika wingi. Msomaji mmoja, kitabu kimoja, umati wa masikio: ndivyo kanisa la kwanza lilivyokaa mbele ya maandiko.

Hata aliyesoma akiwa peke yake alisikika. Filipo alipolikimbilia gari la yule towashi wa Kushi kwenye barabara ya Gaza, hakuhitaji kuchungulia ili ajue kwamba ni Isaya anayesomwa, maana alimsikia. Miaka zaidi ya mia tatu baadaye Augustino, akiwa mwalimu kijana mjini Milano, alimkuta Askofu Ambrosi akisoma huku macho yanatembea na ulimi umetulia. Kusoma kimya kulijulikana, lakini jambo lenyewe lilimkaa moyoni kiasi cha kuliandika.

Kufikia mwaka 155 hivi Yustino, aliyefundisha Roma, anaeleza ibada ya Jumapili kwa maneno ambayo mwumini wa leo wa Moshi au Kisumu angeyatambua bila kusaidiwa. Watu wa mjini na mashambani hukusanyika mahali pamoja. Kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu. Msomaji akinyamaza, kiongozi huwaonya watu waishi kwa mambo waliyoyasikia.

Wayahudi, ambao Wakristo walirithi desturi hii kwao, huyaita maandiko yao Mikra, yaani kinachosomwa kwa kuita. Mzizi wake ni ndugu wa mzizi uliozaa jina la Qurani. Kwetu wasemaji wa Kiswahili hilo halihitaji maelezo marefu. Tukisema leo wanasoma Maulidi, au kuna kisomo nyumbani kwa marehemu, hakuna anayefikiria watu wamejikunyata kila mmoja na kitabu chake, kimya. Neno letu "kusoma" bado lina mdomo.

Mkalimani ubavuni

Tafsiri nayo ilianzia mdomoni. Kitabu cha Nehemia, sura ya 8, kinamwonyesha Ezra kuhani kwenye uwanja ulio mbele ya lango la Maji, amesimama juu ya jukwaa la mti lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Anasoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri, na watu wamesimama. Wengi wao ni uzao wa waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, na Kiebrania cha torati kinaanza kuwapiga chenga. Walawi wanapita kati yao wakiwafahamisha maana. Wanazuoni wa Kiyahudi baadaye waliona kwamba hapo ndipo ilipozaliwa tafsiri ya sinagogi, ile ya kugeuza Kiebrania kuwa Kiaramu papo kwa papo.

Kazi hiyo iliwekewa masharti ambayo hata leo yanafundisha. Msomaji wa torati alisoma mstari mmoja, akanyamaza, mkalimani akautoa kwa Kiaramu. Katika manabii aliweza kusomewa mistari mitatu kwa mpigo. Mkalimani hakuruhusiwa kutazama maandishi, wala msomaji hakuruhusiwa kumnong'oneza neno, watu wasije wakadhani kwamba tafsiri nayo imeandikwa ndani ya torati. Hakuna aliyetakiwa kupaza sauti kumzidi mwenzake. Sauti mbili zilisimama mbele ya mkutano, na kila aliyekaa pale alijua ipi ni andiko na ipi ni msaada.

Mpango wa namna hiyo ulihamia makanisani. Katika miaka ya 380 mwanamke aitwaye Egeria, aliyesafiri kutoka magharibi ya mbali mpaka Yerusalemu kuhiji, aliandika aliyoyaona. Askofu wa Yerusalemu alisema Kigiriki tu kanisani, hata kama Kisiria alikijua. Padri mmoja alisimama karibu naye akifasiri kwa Kisiria kwa ajili ya wenyeji. Masomo vilevile. Na kwa wageni waliojua Kilatini peke yake, kama Egeria mwenyewe, walikuwapo ndugu wa kiume na wa kike waliowaeleza.

Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa injili Afrika Mashariki anaifahamu picha hiyo: mhubiri na mkalimani bega kwa bega, mmoja akiinua mkono, na mwenzake akiuinua vilevile, sentensi zikipokezana kama mtwangio wa watu wawili kwenye kinu kimoja. Mkalimani akiwa hodari, baada ya nusu saa umati unasahau kwamba wako wawili.

Kusikia na kuwa msikivu

Mama akisema "mtoto huyu hasikii", hampeleki kwa daktari wa masikio. Anamaanisha mtoto haambiliki. Msikivu ni mtu anayesikia na kutenda, na asiyesikia la mkuu tunajua kinachompata guu lake. Katika Kiswahili kusikia kunakwenda mpaka kwenye miguu na mikono.

Kiebrania ni hivyo hivyo. Kitenzi shama ni kusikia na pia ni kutii, na ungamo ambalo Myahudi hulisoma asubuhi na jioni linaitwa Shema kwa neno lake la kwanza, amri ya kusikia. Mfasiri wa lugha nyingi hulazimika kuchagua upande mmoja kila mara kitenzi hicho kinapotokea. Mfasiri wa Kiswahili mara nyingi anaweza kukiacha kama kilivyo, na msikilizaji akapata vyote viwili.

Mtu aliyesikia kwa namna hiyo ni Antoni wa Misri. Karibu mwaka 270, akiwa kijana aliyefiwa na wazazi na kuachiwa mashamba na dada mdogo, aliingia kanisani kijijini kwao wakati Injili inasomwa, pale tajiri anapoambiwa auze alivyo navyo awape maskini. Athanasio, aliyeandika maisha yake, anasema kijana huyo alitoka nje mara moja akaanza kugawa ardhi yake. Baadaye akaenda jangwani, na umonaki wa Kikristo humhesabu kuwa baba yake. Hakukifunua kitabu. Alipita mlangoni, akasomewa.

Kadhi wa Mombasa

Tarehe 8 Juni 1844, mjini Mombasa, Mjerumani Johann Ludwig Krapf wa shirika la wamisionari wa Kianglikana alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mohedin, mtu wa asili ya Barawa, kadhi wa Mombasa. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga, waliouawa na homa, na kazi ikaendelea.

Mwanzo mwingine ungeweza kuwa mgumu zaidi. Kadhi alikuwa amelelewa katika elimu inayoanza kwa kusoma kwa sauti na kushika kwa moyo, na Kiswahili alichokisema kilikuwa kimekwisha kukaa karne nyingi na maandiko. Sala, imani, dhambi, nabii, malaika, sadaka, Injili yenyewe: maneno haya hayakutengenezwa na mmisionari yeyote. Yalikuwa barazani Mombasa, Lamu na Unguja, yamezoeleka, na Mkristo wa kwanza aliyesomewa Mwanzo kwa Kiswahili aliyasikia kama watu wa nyumbani. Mjerumani mwingine, Karl Roehl, aliyetoa Biblia yake mwaka 1937, alijaribu kuyapunguza yenye asili ya Kiarabu na kutafuta ya Kibantu. Kazi yake ina thamani kubwa, lakini maneno ya barazani ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu.

Kiswahili kilikuwa na zawadi nyingine, ndogo ya silabi moja. Masimulizi ya Kiebrania huenda kwa kufungamanisha vitenzi, kila kimoja kikimshika mwenzake kiunoni: akainuka, akachukua, akaenda, akaona. Mfasiri wa Kiingereza analazimika kurudia "na" mpaka msikilizaji achoke, au aikate minyororo hiyo atengeneze sentensi za aina nyingine. Mswahili ana -ka-, silabi ile ile ambayo bibi huitumia jioni anapomsimulia mjukuu habari za sungura na fisi. Sikio likikutana nayo linajua kwamba hadithi inatembea na mwisho bado. Ukimsikia msomaji mzuri akisoma habari za Yusufu na ndugu zake kwa Kiswahili, utaona wazee wanaegemea mbele kidogo, kama watoto penye moto.

Unguja ilipata mtu wake mwaka 1864. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu na kujenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa, alitoa Injili ya Mathayo mwaka 1869 na kuendelea kufasiri hadi kifo chake mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891. Mombasa nayo haikukubali kusomewa kwa lafudhi ya jirani, na Biblia ya Kimvita ikatimia mwaka 1914.

Sauti hiyo ilikwenda bara mapema kuliko vitabu. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimwacha katika jumba la Kabaka Mutesa kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, ili amsomee mfalme Biblia na kumfasiria. Waliofuata dini mpya Buganda wakaitwa wasomaji, abasomi kwa Kiganda, na Wakikuyu nao wakawaita wa kwao athomi, neno lenye maana hiyo hiyo. Watu waliwajua Wakristo kwa sauti iliyotoka kwenye kibanda cha darasa.

Herufi kubwa haina sauti

Sikio lina mipaka yake. Ukifungua Biblia ya Union Version utaona mahali pengine pameandikwa Bwana kwa kawaida, na mahali pengine BWANA kwa herufi kubwa zote. Zile kubwa zinaashiria kwamba katika Kiebrania hapo pana jina la Mungu lenye herufi nne, ambalo Wayahudi kwa heshima hawalitamki; wakilifikia husoma Adonai, maana yake Bwana wangu. Macho ya msomaji yanaiona tofauti hiyo. Aliyeketi benchi la nyuma haioni. Kwake ni Bwana yule yule, na lugha yetu inavyopenda heshima, ni neno lile lile analomwitia mwenye duka na mume wa dada yake. Habari Njema, iliyoandaliwa kwa lugha nyepesi ya wakati wetu, inaandika Mwenyezi-Mungu, na hapo masikio ya wote yanapata habari ambayo zamani ilikuwa ya mwenye kitabu.

Mzigo uliobaki ni wa msomaji. Wasomi wa Kiyahudi wa Tiberia, kati ya karne ya 7 na ya 10, walijaza nukta na vistari juu na chini ya herufi ili vizazi vijavyo vijue irabu ipi itamkwe, wapi sauti ipande na wapi ipumzike. Msomaji wetu hana vistari hivyo. Ana mkato, nukta, na usiku mmoja wa maandalizi, kama alikumbuka kujiandaa. Kila aliyewahi kupangiwa somo siku ya Pentekoste anaijua hofu ya sura ya pili ya Matendo, yenye orodha ya mataifa inayoanza na Waparthi na kwenda hadi Waarabu. Anapita kwa kujikwaa, watoto wanacheka chinichini, na katika kujikwaa huko linapotea jambo ambalo orodha iliwekwa kulisema: kwamba kila mmoja wa watu hao wa mbali alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Kwa Wakatoliki jambo hilo lilichukua muda mrefu. Mpaka katikati ya karne ya 20 masomo ya Misa yalikuwa kwa Kilatini, na waumini wakangoja kuelezwa kwa lugha yao. Hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ilifungua mlango, na miaka michache baadaye mkulima aliweza kupanda mimbarini na kuwasomea majirani zake Isaya kwa Kiswahili.

Mwaka huo huo wa 1963 sauti ilipata mabawa mengine. Kituo cha redio cha Walutheri mjini Addis Ababa kilianza kurusha matangazo kwa lugha nyingi, na studio ya Sauti ya Injili huko Moshi ikatayarisha ya Kiswahili, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo hicho mwaka 1977. Kabla ya hapo zilikuwako santuri: Joy Ridderhof alianza Los Angeles mwaka 1939 kurekodi ujumbe wa Biblia kwa watu wasio na vitabu, na wenzake wakaja kubuni hata kinanda cha kadibodi kinachozungushwa kwa mkono. Leo Agano Jipya lote linaingia kwenye simu, likasikilizwa ndani ya daladala au jikoni wakati wa kumenya viazi. Faida yake ni kubwa, hasa kwa asiyeona na asiyejua kusoma. Ila simu haijui kama msikilizaji ameinua kichwa. Msomaji wa Oea alijua mara moja.

Basi turudi kwa mmea. Fungua Yona katika Union Version: ni mtango. Kumbe katika ugomvi ule Kiswahili kilisimama upande wa waliopiga kelele. Fungua Habari Njema: ni mmea tu, bila jina, njia ambayo Yeronimo angeweza kuifuata akajiepusha na maneno. Ukisoma "mmea" mbele ya wazee waliozoea "mtango", hawatachafua kanisa, lakini utawaona wametazamana.

Wazee hao wanaitetea Union Version kama ndiyo sauti yenyewe ya Maandiko. Agano Jipya lake lilitoka 1950, Biblia nzima 1952. Siku ilipofika, ndiyo iliyokuwa mgeni. Watu wa Mombasa waliambiwa waache Kimvita chao, wa Unguja waache kile cha Steere, ili wote wasome pamoja, na wapo waliosikia maneno yaliyokwenda upande na kushtuka. Watoto wao hawakushtuka, walizaliwa wakayakuta. Hata ile hedera ya Yeronimo ikabaki katika Biblia ya Kilatini, ikasomwa makanisani kwa zaidi ya miaka elfu, na waliolelewa nayo hawakusikia kasoro yoyote.

Kwa hiyo mzee anayetikisa kichwa akisikia neno geni anafanya kazi ya watu wa Oea, na kazi hiyo ina maana, kwa sababu bila masikio kama yake mtu yeyote angeweza kusoma chochote. Anachokilinda ni kile alichosomewa alipokuwa mdogo, ameketi kwenye mkeka miguuni pa mama yake. Na mjukuu aliyeketi karibu naye Jumapili hii, anayeonekana kuchezea kamba ya kiatu, anasikia "mmea".